Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule na Kamati ya Msikiti: Turudishieni maabara, na aya msizibebeshe zisichosema

Tanga

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Shule, na Masheikh wa Kamati ya Msikiti wetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, hii ni barua ya tatu. Ya kwanza niliiacha kwa karani mwezi wa Rajabu, akaipiga muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Ya pili nilimkabidhi Katibu mkononi baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa mlangoni tunatafuta viatu vyetu, akaniambia, "Maalim, jambo lako liko mezani." Imepita miezi mitano. Meza hiyo sijaiona wala sijaitwa mbele yake. Ndiyo maana leo naandika hadharani, wazazi wasome na wanafunzi wangu wasome. Jina la shule silitaji. Wahusika wanajijua, na sikusudii kuwaaibisha watu ninaoswali nao safu moja.

Mimi nasomesha biolojia kidato cha tatu na cha nne, na jioni nasomesha Juzuu Amma kwenye chuo cha mtaani kwetu. Nalisema hili mapema kwa ajili ya yule atakayeuliza huyu ni nani hata aisemee Qur'ani.

Tangu mwaka jana shuleni kwetu kuna darsa inayoitwa "Miujiza ya Kisayansi". Anakuja mhadhiri na projekta na kipaza sauti, anawaambia wanafunzi kwamba kila kinachogunduliwa Ulaya na Marekani kilikwisha kuandikwa ndani ya Msahafu miaka 1400 iliyopita. Wanafunzi wanapiga takbiri, picha inayofuata inaletwa. Mimi naamini Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na hilo si mada ya barua hii. Ninacholalamikia ni haya:

1. Darsa imewekwa Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho, ambavyo ni vya maabara ya kidato cha tatu. Sikuulizwa. Nilikuta ratiba mpya imebandikwa ubaoni, biolojia kwa vitendo imefutwa kwa wino mweupe. Mtihani wa taifa una karatasi ya vitendo. Karatasi ya takbiri hauna.

2. Wazazi walichangishwa fedha "kwa ajili ya vifaa vya sayansi". Nilichokiona kikinunuliwa ni mabango tisa ya turubai, yametundikwa kuanzia langoni hadi bwaloni: hili la ruba kando ya picha ya mimba changa, lile la milima iliyochorwa kama vigingi vya hema. Maabara tuna hadubini nne. Mbili lenzi zake zimeota ukungu kwa unyevu wa huku pwani, ya tatu imekatika skrubu ya kurekebishia, na hiyo moja iliyobaki ndiyo inayozungushwa kwa wanafunzi 43.

Naomba niwaeleze hiyo moja inafanya kazi gani. Kabla ratiba haijabadilishwa tulimenya kitunguu, tukachuna ule utando mwembamba wa ndani, tukaudondoshea iodini, tukaufunika kwa kipande cha kioo. Wakapanga foleni. Kijana mmoja, ambaye siku zote hukaa nyuma akasinzia, aliinama kutazama na hakuinuka. Wenzake wakaanza kumsukuma. Alipoinuka akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hivi vyumba vyote vimo kwenye kitunguu hiki hiki cha sokoni?" Sikuwa nimemsomea aya yoyote. Suratul Ghashiya inauliza: je, hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa? Inatupeleka kwa ngamia mwenyewe. Sisi tunawapeleka watoto kwenye bango.

3. Baadhi ya yanayosemwa kwenye darsa hiyo si kweli kabisa. Wanafunzi wameambiwa kwamba Neil Armstrong, Mmarekani aliyekuwa mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alisikia adhana mwezini akasilimu. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliziandikia balozi zake katika nchi za Kiislamu, kwa niaba yake, kueleza kwamba hakusilimu. Tena mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti, jambo ambalo mtoto wa kidato cha pili analijua. Wameonyeshwa picha ya ufa mwezini, wakaambiwa ndio ushahidi wa mwezi kupasuka vipande viwili. Ufa ule unaitwa Rima Ariadaeus, una urefu wa kilomita 300 hivi, na mzingo wa mwezi unakaribia kilomita 11,000.

Kuna na hesabu za maneno. Eti "bahari" imetajwa mara 32 na "nchi kavu" mara 13, ukigawanya unapata asilimia 71, kiasi kile kile cha maji juu ya uso wa dunia. Nilikaa na Msahafu nikahesabu. Ili 13 itimie inabidi uongeze neno jingine, *yabasa*, lililokuja mara moja, na ili 32 isizidi inabidi bahari za uwili na za wingi uziache nje. Mfanyabiashara akipima hivyo sokoni tunamsomea Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Na hesabu za namna hii zina mwisho wake. Rashad Khalifa, Mmisri aliyehamia Marekani, alianza na kompyuta katika miaka ya 1970, akidai Qur'ani imejengwa juu ya nambari 19, Waislamu wengi wakamshangilia. Hesabu ilipomkatalia akaona mwenye kosa ni Msahafu: akazikana aya mbili za mwisho za Suratu Tawba, halafu akadai kuwa ni mjumbe wa Mungu.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Katika jaribio la mwezi niliuliza: eleza hatua tangu yai kurutubishwa hadi kujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kati ya wanafunzi 43, wanafunzi 11 waliandika nutfa, alaqa, mudgha, yaani majina ya Kiarabu ya hatua za mimba katika Qur'ani, basi. Mmoja akachora ruba, tena vizuri. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, na mbele yangu kuna maneno ya Suratul Muuminun yameandikwa kama jibu la swali la alama kumi. Nikiyapa alama nawadanganya, kwa sababu msahihishaji wa taifa hatawapa. Nikiyawekea mkasi, mtoto anakwenda nyumbani na daftari ambalo mwalimu wake amekosoa aya. Niliyaacha madaftari yale siku mbili bila kuyagusa. Waheshimiwa, hali hiyo sikuitengeneza mimi.

Tulitazame neno lenyewe. Wengi wetu tumesomeshwa *alaqa* kuwa pande la damu, au damu iliyoganda, na ndivyo lilivyo katika tarjuma zetu za Kiswahili. Sasa tunaambiwa hapana, ni ruba, au kitu chenye kuning'inia, kwa sababu mimba ya wiki tatu au nne chini ya hadubini inafanana na ruba. Keith Moore, profesa wa Toronto, alilisema hilo, na mwaka 1983 kitabu chake cha chuo kikuu kikatolewa toleo maalumu lenye nyongeza za Sheikh Abdul Majeed al-Zindani wa Yemen. Ni kweli neno la Kiarabu linabeba maana zote hizo. Lakini tuulizane: ni nani aliyeisoma aya kabla ya hadubini akasema mimba ina umbo la ruba? Maana iliyosubiri picha ipatikane kwanza ndipo ijulikane haiwezi kuitwa habari iliyotangulia. Na tukishika ruba, kesho yake tutaulizwa kuhusu mifupa kuvikwa nyama, ilhali biolojia inaona gegedu (mfupa laini) inayotangulia mifupa na misuli vikikua pamoja. Hapo mhadhiri atatafuta maana nyingine. Hadi lini?

Wiki mbili baada ya jaribio lile alinifuata mwanafunzi mmoja nje ya msikiti baada ya Isha. Akanionyesha simu. Kulikuwa na video ya mtu anayejibu mhadhara kama wa kwetu, akisoma maneno ya Jalinus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, aliyeigawa mimba katika hatua nne: kama manii, kisha yenye damu, kisha nyama isiyo na umbo, kisha kiumbe kamili. Kijana akasema, "Mwalimu, kumbe walikuwa wanajua?" Kisha akanyamaza. Nilimjua mtoto huyu tangu anasoma alifu kwa kijiti. Hakuwa anauliza biolojia.

Nilimfungulia Suratul Hajj aya ya tano. Inaanza: enyi watu, ikiwa mna shaka ya kufufuliwa. Ndipo inapotaja udongo, tone, alaqa na mudgha. Nikamwambia, tazama aya inahojiana na nani, na juu ya nini. Inazungumza na watu wa Makka na Madina wanaokubali kwamba mtu hutokana na tone tumboni mwa mama, na wanaokataa kwamba mfu atainuka. Inawashika kwa wanalolijua iwafikishe kwenye wanalolikataa: aliyeanzisha atashindwaje kurudisha? Kama wasikilizaji wasingekuwa na habari yoyote ya mimba, hoja isingewaingia. Kwa hiyo tabibu wa Kiyunani kujua jambo hilo hakuiharibu aya hata kidogo. Kinachoharibika ni darsa ya Alhamisi, iliyomwambia kwamba aya ni kweli *kwa sababu* hakuna aliyekuwa akijua. Ibn al-Qayyim, aliyekufa 1350, alimnukuu Bukrati, tabibu mwingine wa Kiyunani, kandokando ya aya na hadithi za mimba, wala hakuona tabu. Sisi ndio tuliomtengenezea kijana huyu imani ya nguzo moja, halafu tukaiacha nguzo njiani kila mpita njia aitingishe.

Sijui kama nilimtosheleza. Alishukuru, akaenda zake. Darsa iliyofuata hakuja, na ya wiki iliyofuata pia.

5. Mlango huu mkiufungua hauna komeo. Ikiwa kila aya inayotaja mbingu na ardhi ni somo la fizikia, basi na Suratul Kahf, pale Dhul Qarnain alipolikuta jua likitua katika chemchemi yenye matope, ni somo la fizikia. Imamu Razi, aliyekufa 1210, alikwisha kusema kwamba jua ni kubwa mno kuliko ardhi na haliwezi kuingia chemchemini; maana yake ni jinsi lilivyoonekana machoni, kama mtu wa pwani anavyoliona likizama baharini. Hiyo ni tafsiri ya mtu mwenye akili timamu. Lakini huwezi kusema aya hii ni lugha ya macho na ile ya pili ni lugha ya darubini, kisha kipimo cha kuzitenganisha kikawa ni ipi inatupa takbiri.

Suratu Dhariyat aya ya 47 ndiyo wanayoipenda zaidi: mbingu tumezijenga kwa nguvu, na hakika sisi ni *musi'un*. Wafasiri wa zamani wengine wamefahamu wenye uwezo, wengine wenye kuipanua riziki, wengine waliozifanya mbingu kuwa na wasaa. Ikasomwa karne kumi na tatu, na hakuna aliyeondoka nayo akaenda kupima mwendo wa magalaksi. Mwanafalaki wa Marekani, Hubble, alipotangaza vipimo vyake vya magalaksi yanayotukimbia 1929 ndipo *musi'un* ikaanza kuitwa kupanuka kwa ulimwengu. Labda. Neno linaruhusu. Lakini kuruhusu si kutabiri, na tofauti hiyo ndiyo ninayoomba wanafunzi wafundishwe.

Sasa niwakumbushe jambo ambalo nyinyi masheikh mnalijua kunizidi. Mwaka wa kumi wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), hata miaka miwili hajatimiza. Siku ile ile jua likapatwa. Wanafalaki wanaihesabu kuwa 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa kufa Ibrahim. Fikirini kidogo. Muujiza umeletwa mlangoni, hakuuomba, watu wameuamini wenyewe, na yeye yumo katika msiba wa mwanawe. Angenyamaza tu, ungekuwa wake. Akasimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake, na mkiona hivyo swalini. Akaukataa ushahidi usio wa kweli uliokuwa upande wake. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, Rujewa, mkoani Mbeya, likaonekana kama pete na kwetu Tanga likamegeka upande, tuliswali swala hiyo hiyo, kisha tukatoka uani na maboksi yaliyotobolewa kwa sindano tukaangalia kivuli kikisogea kwenye karatasi. Hakuna aliyeona swala na boksi vinagombana.

Najua nitakayojibiwa.

Mtasema darsa inawavuta vijana. Inawavuta, nimeona. Namuuliza aliyewavuta: anawashika na nini wakishafungua simu?

Mtasema maulamaa wakubwa wameunga mkono. Wapo, na sitaki kuficha: Tantawi Jawhari wa Misri, aliyekufa 1940, aliandika tafsiri nzima yenye picha za mimea na wanyama. Wapo pia walioikataa njia hii. Shatibi wa Granada, aliyekufa 1388, aliwalaumu wanaoingiza kila elimu ndani ya Qur'ani, akasema waliotangulia waliijua Qur'ani kuliko sisi na hawakudai hivyo. Katika zama zetu Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alionya dhidi ya kuifasiri Qur'ani kwa nadharia za sayansi, kwa kuwa nadharia hubadilika. Na Ghazali, akizungumzia kupatwa huko huko kwa jua, alisema dini inadhuriwa zaidi na anayeitetea kwa njia isiyo yake kuliko anayeishambulia kwa njia yake. Mhadhiri wetu anawataja wa upande mmoja tu. Huo si mjadala.

Mtasema Wakristo nao wanafanya mihadhara, lazima tujibu. William Campbell, daktari Mkristo, na Zakir Naik, mhubiri wa Kiislamu kutoka India, walishindana Chicago mwaka 2000, Biblia na Qur'ani kwa kipimo cha sayansi, na kanda zake zimefika hadi vibanda vya Ngamiani hapa Tanga. Kila upande ulitoka ukisema umeshinda. Sijamwona mwanafunzi aliyepasi biolojia kwa kanda ile.

Mtasema mwalimu ameathirika na elimu ya kizungu. Hili halinikasirishi. Ibn al-Nafis, aliyekufa Cairo 1288, alikuwa tabibu na mwanafiqhi wa madhehebu yetu hii ya Shafi. Ndiye aliyesema ukuta ulio baina ya upande wa kulia na wa kushoto wa moyo hauna matundu kama alivyodai Jalinus, kwa hiyo damu lazima ipitie mapafuni. Alilisema kwa kuchunguza umbo la moyo, na karne tatu zikapita kabla Ulaya haijalieleza. Hakudai ameitoa kwenye aya. Kama huo ni uzungu, basi alianza yeye.

Ninachoomba ni hiki. Vipindi viwili vya Alhamisi virudi maabara kuanzia muhula ujao. Fedha za changizo zilizobaki zinunue lenzi na hadubini, na wazazi wasomewe hesabu ya zilizokwisha kutumika. Mabango yateremshwe mpaka yapitiwe na walimu wa sayansi pamoja na masheikh, na lile la adhana mwezini literemshwe leo, halihitaji kikao. Darsa yenyewe siombi ifutwe: ihamishiwe baada ya Alasiri, iitwe mjadala, na kila anayeleta dai alete aya nzima pamoja na ya kabla yake na ya baada yake, aeleze wafasiri wa kabla ya ugunduzi walisema nini, na ugunduzi wenyewe ulikuwa mwaka gani. Wanafunzi waruhusiwe kuuliza. Mimi nitakaa upande wowote mtakaonipangia, hata ule nisiokubaliana nao.

Naomba jibu la maandishi kabla shule haijafunguliwa. Mjumbe yeyote anayetaka kuona hali ya maabara kwa macho yake, nitakuwepo Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Kitunguu nitakuja nacho mimi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

Mwalimu wenu wa biolojia